Nguzo ya Aliye Hai

Nina jina la babu yangu mzaa baba, kama ilivyo desturi kwetu Wagiriama, ambapo mjukuu hupewa jina la babu ili jina lisizikwe pamoja na mwenyewe. Kwa sababu hiyo shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Huniita baba. Nilipokuwa mtoto jambo hilo lilinifurahisha, nilipokuwa kijana likanipa kiburi, na mwaka 2023 likanitoa machozi kwa sababu ambayo ndiyo imenifanya niandike haya.

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo miongoni mwa Wamijikenda, yaani zile jamii tisa za pwani ya Kenya ambazo sisi Wagiriama ni mojawapo, na mtu wa Gohu akifa huchongewa kigango. Kwa wasomaji wasioijua pwani yetu, kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na mwili bapa ulionakshiwa kwa pembetatu ndogondogo, usio na mikono wala miguu. Hakifanani na marehemu, wala aliyekichonga hakukusudia kifanane naye. Jamaa hukisimika, mara nyingi miaka kadhaa baada ya mazishi, marehemu anapomjia mmoja wao ndotoni na kulalamika kwamba amesahauliwa, na kikishasimikwa hakihamishwi hata kama watu wa mji ule watahama wote. Cha babu kilisimama chini ya mkwaju, kando ya mji wake upande wa Marafa, na baba yangu ndiye aliyemlipa mchongaji. Miaka michache baadaye baba alibatizwa, akashuka Malindi kutafuta kazi, akatulea sisi katika nyumba ya sala asubuhi na jioni. Kigango cha babu nilikijua kama jambo la aibu ambalo Mungu alikuwa ametuvusha.

Kwa miaka tisa niliongoza sifa katika kanisa moja hapa Malindi. Nasema kwa moyo mweupe kwamba mwanzoni niliimba kwa sababu nilipenda kuimba na kwa sababu nilimpenda Bwana. Tulikuwa watu sita, kinanda kimoja cha kuazima na spika iliyokuwa ikikoroma mvua ikinyesha. Waumini waliokaa mbele yangu niliwajua kwa sura na kwa shida zao: nani amefukuzwa hotelini baada ya msimu wa watalii kwisha, mtoto wa nani karudishwa nyumbani kwa karo. Mtu huyo akiinua mkono wakati wa wimbo, nilijua anainua nini.

Machi 2020 serikali ilifunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona, na mchungaji akaniomba niongoze sifa nyumbani kwangu kwa simu, waumini wafuatilie mtandaoni. Nimelifikiri sana jambo lililotokea hapo, nami naamini wengi wamelipitia bila kulitambua. Anayetumia kamera ya mbele hamwoni anayemwimbia. Hujiona yeye mwenyewe. Kwa saa nzima, Jumapili baada ya Jumapili, niliimba nyimbo za kumtukuza Mungu huku macho yangu yakiwa juu ya uso wangu, na uso huo ulikuwa mahali pale pale ambapo zamani walikaa watu. Nilianza kuurekebisha. Nikafumba macho mapema kidogo, kwa sababu niliona kwamba nikiyafumba napendeza. Nikajifunza ni upande gani wa shavu unaopokea mwanga vizuri. Nikagundua kwamba machozi yakinitoka katika ubeti wa pili, alama za kupendwa hupanda kama moshi pembeni mwa kioo, na bila kujiambia waziwazi kwamba nafanya hivyo, nikaanza kulia katika ubeti wa pili.

Makanisa yalipofunguliwa simu haikuondoka. Nilinunua taa ya duara, kisha maikrofoni ya kubana kifuani, kisha simu bora zaidi, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye mikopo ya simu ambayo mke wangu hakuijua mpaka wenye kukopesha walipompigia yeye. Niliweka programu inayolainisha ngozi, nikafuta kovu nililo nalo juu ya nyusi, kovu nililopata utotoni nilipoanguka mwembeni. Asubuhi za Jumamosi nilikwenda kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama, iliyosimamishwa ufukweni hapa Malindi na mabaharia wa Kireno karne nyingi zilizopita, kabla watalii hawajafika, nikapiga magoti jua likichomoza baharini nyuma yangu, Biblia ikiwa wazi mkononi, na rafiki yangu akapiga picha. Sala yenyewe ilikuwa ya dakika mbili na picha zilikuwa za nusu saa. Nilikuwa na wafuasi elfu kumi na tisa, wengi wao wasioijua hata njia ya kuja Malindi, nao waliniita mtumishi.

Nataka nieleweke hapa, kwa maana watu wengi wakisikia habari za kujipenda mtandaoni hufikiria mavazi, magari na vipodozi. Sikuwa na tamaa hizo. Picha niliyokuwa nikiitengeneza ilikuwa picha ya mtu mnyenyekevu. Nilitaka nionekane mtu wa maombi, mtu asiyejali dunia, mtu anayelia mbele za Mungu wake, na kwa kuwa vitu hivyo ni vyema vyenyewe, hakuna aliyenionya, nami sikujionya. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, akaponya watu jangwani, na bado ilifika siku Hezekia akalazimika kumvunja kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Nilikuwa nimelihubiri fungu hilo mara mbili bila kulisikia.

Kisha ikaja Aprili 2023, na jina la Shakahola. Msitu ule uko katika kaunti yetu hii ya Kilifi, na miili iliyofukuliwa ilipita zaidi ya mia nne, watu wazima na watoto, wengi wao waliokufa kwa njaa wakiamini kwamba kwa kufunga hadi kufa wangemlaki Yesu. Maiti zililetwa hapa Malindi. Kwa wiki nyingi mji huu ulikuwa na ukimya ambao sijui kuueleza. Kila aliyehubiri alitazamwa kwa jicho la shaka, na kila aliyehubiri alitaka kuonyesha kwamba yeye si wa aina ile. Nakiri mbele ya kila atakayesoma kwamba katikati ya msiba ule nilifikiria pia jinsi nitakavyoonekana. Tulianzisha mfululizo wa mafundisho mtandaoni kuhusu ibada za uongo, na maneno yetu yote, ukiyakamua, yalikuwa sala ya yule Farisayo hekaluni: nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine.

Ni katika mfululizo huo nilipopata wazo la kwenda Marafa.

Nilifika kwa shangazi mwezi wa Juni, nikiwa na rafiki yangu wa kamera, tumekodi pikipiki mbili kutoka Malindi na kuvuka mto Sabaki asubuhi mapema ili mwanga usituponyoke. Shangazi alikuwa anapepeta mahindi. Ni mama wa kanisa, mwenye miaka zaidi ya arobaini katika ushirika, ambaye kila Jumapili huenda ibadani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nilimwambia nataka kuzungumza kidogo pale mkwajuni. Hakunikatalia. Nilisimama mbele ya kigango cha babu, ambacho mvua za miaka mingi zilikuwa zimekichubua rangi yote na kubakiza nakshi, nikahubiri kwa dakika kumi na mbili juu ya amri ya pili. Nilisema kwamba mti hausikii. Nilisema kwamba jamaa zangu wamefungwa na ubao. Nilikinyoshea kidole na nilikuwa na sauti nzuri siku hiyo.

Nilipomaliza, shangazi, aliyekuwa amesimama pembeni na ungo wake, aliniuliza kama nimemwona akikimwagia tembo la mnazi. Nikasema sijamwona. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kwamba anakiomba mvua au mtoto. Nikasema sijasikia.

“Hiki mimi sikiabudu, baba,” akasema. “Nakipalilia. Baba yangu alichongewa baada ya kufa, akachongewa na mwanawe, yeye mwenyewe hakukiona hata siku moja. Wewe unajichonga mwenyewe, tena ungali hai.”

Rafiki yangu alikuwa bado hajazima kamera. Usiku ule, nilipokuwa naitayarisha video, nilifika kwenye maneno hayo, nikayasikiliza mara tatu, nikayakata. Video ilitazamwa zaidi ya mara elfu thelathini.

Wiki tano baadaye kigango kiliibwa. Mpwa wa shangazi aliamka alfajiri akakuta shimo na alama za magurudumu. Sina hakika, na sitasema kana kwamba nina hakika, kwamba wezi waliongozwa na video yangu. Lakini video yangu ilionyesha barabara, ilionyesha mkwaju, ilionyesha kwamba mji ule una bibi kizee na watoto tu, na ilionyesha kigango chenyewe, ambacho watu wa biashara hiyo wanajua thamani yake. Wizi wa vigango si jambo geni kwetu. Tangu miaka ya sabini na themanini vimekuwa viking'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago huku mijini pwani, na kutoka hapo vikapelekwa ng'ambo, ambako mamia yameishia katika majumba ya makumbusho na sebule za matajiri huko Marekani. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inavilinda, lakini askari wa doria hafiki kila mkwaju.

Tulipiga ripoti kituoni, kisha nikaelekezwa kwa ofisa mmoja wa mambo ya kale, mtu mpole aliyenisikiliza mpaka mwisho. Alinieleza habari ambayo sikuwa nikiijua ingawa inahusu watu wangu. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibwa. Miaka mingi ikapita, hadi vilipotambuliwa katika majumba mawili ya makumbusho huko Marekani kwa kulinganishwa na picha ile, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa jamaa za mzee, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Nakshi za kila kigango ni za pekee, akasema, kama vile alama za vidole. Kisha akaniuliza kama ninayo picha ya kigango cha babu.

Nilicheka kwa kutulizwa moyo. Nilimwambia ninazo nyingi, na video nzima.

Nilikaa pale kwenye benchi nje ya ofisi yake nikaifungua simu. Tulikuwa tumerekodi vipande kumi na saba siku ile, na picha za kawaida kama sitini. Nilizipitia moja baada ya nyingine. Katika kila picha mimi nilikuwa katikati. Bega langu lilikuwa limefunika nakshi za kushoto. Mkono wangu, ule ulionyosha kidole, ulikuwa umekatiza kifua cha kigango. Pale niliposogea pembeni, kamera ilinifuata mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwagiza rafiki yangu afanye, na kigango kikabaki ukungu nyuma, kwa sababu simu ile nzuri niliyoinunua kwa mkopo ina uwezo wa kufifiza kila kitu isipokuwa uso wa mtu. Nilirudia mara ya pili, polepole, nikitafuta hata kipande kimoja tu cha ubao ule kikiwa peke yake. Hakikuwapo. Nilikuwa na picha za mjukuu, zenye jina la babu, na sikuwa na picha hata moja ya kile alichowekewa babu. Niliingia ndani nikamwambia ofisa kwamba sina.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikisikia neno moja la Maandiko ambalo sijawahi kulihubiri. Katika kitabu cha pili cha Samweli imeandikwa kwamba Absalomu, alipokuwa angali hai, alijisimamishia nguzo katika bonde la mfalme kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulikumbusha jina lake, akaiita nguzo hiyo kwa jina lake mwenyewe. Habari hiyo inawekwa mara tu baada ya kusimuliwa jinsi alivyouawa na kutupwa katika shimo msituni, akafunikwa kwa mawe. Nguzo bondeni, mwili shimoni. Na kabla yake Sauli, aliporudi kutoka vita vya Amaleki akiwa ameshavunja agizo la Mungu, kitu cha kwanza alichofanya ni kujisimamishia nguzo huko Karmeli. Shangazi yangu, ambaye hasomi bila kusaidiwa, alikuwa ameniambia jambo lile lile kwa maneno yake.

Na ile nguzo ya Malindi niliyoipigia magoti asubuhi nyingi? Sikuwahi hata mara moja kuutazama msalaba ulio juu yake. Nilikwenda kuutazama wiki ile. Ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, na juu ya msalaba huo imechongwa nembo ya mfalme aliyewatuma mabaharia. Nilikaa pale muda mrefu bila kutoa simu. Sina haki ya kuwahukumu watu wa mwaka 1498, lakini nilijua vizuri sana namna mtu anavyoweza kuusimamisha msalaba ili nembo yake ionekane kutoka mbali.

Jumapili iliyofuata niliungama kanisani. Nilisimama nikasema yote, pamoja na mikopo, na safari hii nililia bila kupanga. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakaniombea. Wala sikujua kwamba kijana wa mitambo alikuwa akirekodi. Jioni ile ungamo langu lilikuwa limeshawekewa muziki wa taratibu chini yake na kusambazwa likiitwa ushuhuda wenye nguvu, na kwa wiki moja nikapata wafuasi wapya karibu mia nane. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa uzito wake wote: nilifurahi, na furaha hiyo ilinitisha kuliko wizi wenyewe, kwa sababu nilitambua kwamba sanamu hii haifi kwa kuvunjwa hadharani. Ukiivunja mbele ya watu, vipande vyake vinakuwa sanamu mpya, sanamu ya mtu aliyevunja sanamu. Sauli naye aliungama. Alimwambia Samweli, nimekosa, kisha papo hapo akamwomba amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Toba na ombi la kulindiwa sura vilitoka katika kinywa kimoja bila hata kupumua katikati.

Nilimwendea mchungaji nikamwomba nipumzike kuongoza. Akakubali, akasema nikae benchi la nyuma kwa miezi sita. Nikamwomba jambo moja dogo, kwamba awatangazie waumini kuwa nimejitoa kwa hiari yangu, ili watu wasije wakadhani nimesimamishwa. Mchungaji ni mtu wa maneno machache. Akanitazama, akasema hapana. Nikamweleza kwamba watadhani nimekula fedha za kanisa, au nimeanguka na binti wa watu. Akasema, “Waache wadhani.”

Sijawahi kupewa funga ngumu kama ile. Njaa ya tumbo naijua, na mtu huizoea siku ya tatu. Njaa ya kutaka kujieleza haizoeleki. Uvumi ulifika, kama nilivyojua utafika. Niliusikia kinyozini Maweni, niliusikia kwa jirani, mtu mmoja akamtumia mke wangu ujumbe wa kumpa pole kwa jambo ambalo sikulitenda. Kila siku vidole vyangu viliwasha kuandika aya tatu za kunisafisha. Nilianza kuelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba sala zangu za miaka ile zote zilikuwa na mtu wa tatu ndani yake, yaani yule ninayetaka anione nikisali, na kwamba alipoondolewa sikujua nianzie wapi. Usiku mwingine nilipiga magoti sikusema kitu. Mke wangu, ambaye katika miaka ya kamera aliwahi kuniambia, “Mimi si mtazamaji wako, mimi ni mkeo,” alianza kupiga magoti pembeni yangu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa familia yetu ikisali kwa mara ya kwanza.

Benchi la nyuma liko karibu na mlango. Nilipokaa pale juma la tatu au la nne, nilihisi kuna kitu kimepungua, nikashindwa kukijua. Nilikitambua nyumbani, nilipokuwa nafuta picha za zamani kwenye simu. Katika picha ya asili ya ibada fulani, kabla sijaikata ili nibaki peke yangu, alikuwapo mzee mmoja mlangoni, amesimama na ufagio, akitabasamu. Ndiye aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi na kuwapokea watu kila Jumapili. Nikatafuta picha nyingine. Alikuwapo katika nyingi, ukingoni, na katika zote nilizozitoa mtandaoni nilikuwa nimemkata. Kisha, tangu mwezi fulani, hakuwapo tena hata katika zile za asili. Nilihesabu. Alikuwa hajaja kanisani kwa miezi minne, na mimi niliyesimama madhabahuni nikiutazama mlango ule kila juma sikuwa nimeona.

Zaburi ya 115 husema juu ya sanamu kwamba zina macho lakini hazioni, zina masikio lakini hazisikii, kisha inamalizia: “Wazifanyao watafanana nazo.” Nilikuwa nikidhani hilo ni tishio la mambo yajayo. Nilipokuwa nimeshika simu ile na kuhesabu miezi, nikajua kwamba ni maelezo tu, kama vile daktari anavyoeleza ugonjwa ambao mgonjwa ameshaupata.

Nilimkuta kwake Muyeye, chumba kimoja, mguu ameuweka juu ya kibao. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha unyayoni kilikuwa kimekataa kupona. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alifurahi kweli, akaniambia amekuwa akiniona kwenye simu ya mjukuu wake. “Ulikuwa unapendeza, mwanangu,” akasema, wala hapakuwa na kijembe ndani yake.

Tangu hapo nimekuwa nikimpeleka kusafishwa kidonda, Jumanne na Ijumaa, kwa tuktuk. Najua hatari ya kuyaandika haya. Nimejiuliza kwa miezi kama simulizi hii nayo ni ubao mwingine ninaouchonga, na sijapata jibu la kunitosheleza, isipokuwa kwamba nimeondoa jina langu na sura yangu, na kwamba shangazi, niliyemsomea maandishi haya yote nikiwa nimekaa kando yake huku tukipalilia pale penye shimo, alisema niyatoe, kwa sababu kigango kingine kinaweza kuwa bado kimesimama mahali na mjukuu wa mtu yuko njiani na kamera yake.

Ijumaa iliyopita foleni ya zahanati ilikuwa ndefu. Mzee aliniuliza ni nani anayeongoza sifa siku hizi. Nikamwambia ni binti mmoja wa Kisumu Ndogo, mdogo bado, ana sauti nzuri. Akauliza kama anawahi kuanza juu mno, kama nilivyokuwa nikianza mimi, mpaka wazee wanashindwa kufuata. Sikujua kwamba nilikuwa nikifanya hivyo. Akaniimbia kwa sauti ya chini namna wimbo ule unavyopaswa kuanza, nami nikamfuata chini vivyo hivyo, mpaka muuguzi alipotokeza mlangoni na kuliita jina lake.